Binti yangu ana miaka 15 na bado anapenda treni: nimzuie au nimwache?

*"Binti yangu ana miaka 15. Amependa treni tangu mdogo, na tulidhani ataziacha akishakua. Badala yake imezidi. Anajua aina za vichwa vya treni, anasikiliza milio ya injini kwenye simu na kukutajia ni ipi, na usiku anacheza mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta huku akifuata ratiba halisi. Shuleni wanamwita stesheni masta, na siku hizi hataki kutaja treni mbele ya watu. Baba yake anasema ni utoto, tena ni mambo ya wavulana. Nilimpeleka kwenye chama cha wapenzi wa reli nikidhani atafurahi, tukakuta wazee watupu, alirudi kimya. Juzi nimeona kwenye simu yake video ya treni ikimpita karibu mno, hadi nywele zinapepea. Nimesoma pia kwamba kupenda treni ni dalili ya usonji. Nimkataze, nimpeleke hospitali, au nimwache tu?"*

Mama, barua yako imebeba mambo matatu kwa pamoja: usalama wa binti, wasiwasi kwamba hakui, na hofu kwamba ana hali ambayo hamjaitambua. La usalama ndilo la haraka, kwa hiyo naanza nalo ingawa wewe uliliweka karibu na mwisho.

Nywele zikipepea, alikuwa karibu mno. Behewa ni pana kuliko reli zinazolibeba. Kwenye njia ya kipimo kinachotumika zaidi duniani, reli zimeachana milimita 1,435, lakini behewa lenyewe linakaribia mita 3, maana yake kila upande linatokeza nje ya reli kwa karibu robo tatu ya mita. Anayepima umbali wake kwa kuangalia chuma cha reli anajidanganya kwa kiasi hicho. Halafu macho nayo yanadanganya: kitu kikubwa kinachokuja kukuelekea huonekana kinakwenda polepole kuliko kasi yake. Treni ndefu ya mizigo iliyo kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita moja na nusu au zaidi ndipo isimame, kwa hiyo dereva akimwona binti yako hana la kufanya zaidi ya kufunga breki, kupiga honi na kuomba. Penye nyaya za juu, reli nyingi za umeme zinatumia volti 25,000, na umeme wa nguvu hizo unaweza kumrukia mtu kabla hajaugusa waya. Fimbo ya kushikia simu ikinyanyuliwa vibaya inatosha.

Kosa hili lina umri wa reli yenyewe. Tarehe 15 Septemba 1830, siku ya kuzinduliwa kwa njia ya reli ya Liverpool na Manchester huko Uingereza, mbunge William Huskisson alishuka kwenye behewa lililokuwa limesimama, akaenda kumsalimia Waziri Mkuu, Duke of Wellington, na injini iitwayo Rocket ikamgonga njiani. Alikuwa mtu mzima, mchana kweupe, na wenzake wakimpigia kelele aondoke.

Usimwambie binti kwamba treni ni hatari. Hilo amelisikia mpaka limepoteza maana. Kaa naye kwenye ule mchezo wake umuulize: ukiwa na mabehewa 20 na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unaanza kufunga breki wapi ili usimame stesheni? Atakujibu bila kufikiri, pengine kwa fahari. Kisha mwonyeshe video yake mwenyewe umwombe akuonyeshe dereva wa treni ile angeanza kufunga breki wapi ili amnusuru. Nimeona vijana wakinyamaza hapo, kwa sababu hesabu wanaijua, ila walikuwa hawajawahi kujiweka wenyewe upande wa pili wa kioo.

Baada ya hapo mkubaliane masharti. Apige picha akiwa nyuma ya uzio, au jukwaani nyuma ya mstari. Asiende peke yake, asivae spika za masikioni, asibebe fimbo ndefu penye nyaya. Treni ikishapita asisogee mpaka aone njia zote mbili ziko wazi, maana treni ya kwanza huificha ya pili. Na mwambie jambo ambalo wapiga picha wa treni wote wanalijua: picha nzuri hupigwa kwa mbali, kwa kuvuta lenzi, mahali njia inapopinda ili kichwa na mabehewa vionekane pamoja. Anayesimama karibu huambulia ukuta wa chuma uliofifia. Kumkataza kabisa nisingekushauri. Ataendelea kwenda, tofauti itakuwa tu kwamba hutaziona tena video.

Sasa tuje kwenye utoto. Baba yake anasikia neno lilelile, treni, tangu binti akiwa na miaka minne, na anahitimisha kwamba ni kitu kilekile. Sikubaliani naye. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia ya elimu, Suzanne Hidi na Ann Renninger, walieleza kwamba hamu ya jambo lolote hukua kwa hatua nne. Kwanza kitu kinamvuta mtu ghafla: ukubwa, kelele, mwendo. Kisha mvuto huo unashikiliwa na mazingira, mzazi anampeleka mtoto stesheni, anamletea treni ya kuchezea. Katika hatua ya tatu mtu anarudi mwenyewe bila kusukumwa, akiwa na maswali yake. Katika ya nne ameshajenga maarifa, na anavumilia hata sehemu zinazochosha kwa sababu jambo lenyewe lina thamani kwake. Watoto wengi wanaopenda treni huishia hatua ya pili, na ndiyo maana watu wazima wamezoea kuona mapenzi hayo yakiyeyuka. Binti yako, kwa ulivyonieleza, yuko hatua ya tatu na mguu mmoja umeshaingia ya nne.

Hebu angalia anachofanya anapofuata ratiba. Penye njia moja, treni mbili zinazotoka pande tofauti zinaweza kupishana tu kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Moja ikichelewa dakika sita, nyingine inaisubiri, na ile iliyopangwa kupishana na hiyo ya pili huko mbele nayo inakwama. Njia imekatwa vipande vipande, kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu, na taa nyekundu inalinda mgongo wa ile iliyomo ndani. Anayecheza mchezo huu kwa ukweli anabeba haya yote kichwani kwa wakati mmoja: nani yuko wapi, nani anamsubiri nani, kosa la hapa litalipuka wapi. Huko ni kufikiri kwa mifumo, na watu wazima wengi hawakuwezi.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wazazi. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani walianzisha klabu ya treni za modeli. Wapo waliopenda mandhari, vilima na nyumba ndogondogo. Wengine walishinda chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za simu zilizoamua treni ipi ipite njia ipi. Kompyuta za kwanza zilipofika chuoni hapo, hao wa chini ya meza walikuwa miongoni mwa walioziparamia, na Steve Russell, mmoja wa wanachama, ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Spacewar!, mojawapo ya michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta, mwaka 1962. Sikuambii haya ili umwone binti yako kama mhandisi mtarajiwa. Nakuambia ili baba yake ajue kinachoweza kuwa ndani ya kitu anachokiita utoto.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kunyooshwa: kwamba vijana wa leo hawana habari na treni, na kwamba binti yako ni wa aina ya peke yake. Ulipoingia kwenye kile chama ukaona mvi tupu, ulidhani hivyo ndivyo ushabiki wa reli ulivyo. Lakini jiulize wazee wale walianzaje. Ushabiki wa kusimama jukwaani na kuandika namba za injini ulienea Uingereza baada ya 1942, pale karani kijana wa kampuni ya reli, Ian Allan, ambaye hata miaka 21 hakuwa ametimiza, alipochapisha kijitabu cha namba hizo kwa sababu watu walikuwa wakimwandikia kila siku kuuliza. Vitabu vya aina hiyo vilinunuliwa na maelfu ya wavulana wa shule. Wazee unaowaona walikuwa wale watoto, au wadogo zao. Kwa hiyo ushabiki huu ulijengwa na vijana, ukazeeka nao.

Kijana wa sasa anaingia kwa mlango mwingine. Mvuke haumlizi kama unavyomliza babu, kwa sababu huwezi kukumbuka usichokiona; Uingereza iliacha kutumia vichwa vya mvuke kwenye njia zake kuu mwaka 1968. Yeye anapenda treni za kasi, za chini ya ardhi, ramani za njia, michezo ya kuigiza uendeshaji, video. Anapenda milio, kama binti yako. Na hapo si ajabu hata kidogo: kuna vichwa vya umeme vya Siemens, maarufu kwa jina la Taurus, ambavyo vikiondoka stesheni vinapanda noti za muziki moja baada ya nyingine, kwa sababu ya vifaa vinavyobadili umeme kwenda kwenye mota. (Mimi namba za injini hazijawahi kuniingia akilini, lakini mlio ule nimeusikiliza zaidi ya ilivyohitajika kwa kazi.) Mwaka 2021 mwanafunzi mmoja wa uhandisi huko Uingereza, anayejulikana kwa jina la Francis Bourgeois, alipata watazamaji mamilioni kwa video zake akicheka na kushangilia treni zinazopita, kamera ikiwa kwenye paji la uso. Wengi wa watazamaji hao walikuwa vijana wa rika lake.

Kwa nini basi binti alirudi kimya kutoka chamani? Siwezi kuwasemea wazee wale, ila nimeshaona namna mbili za kumpoteza kijana kwenye vyama vya aina hii. Moja ni kumpa mtihani: unajua injini hii, haya, ilitengenezwa mwaka gani? Nyingine ni kumkalisha kwenye kiti, kumpa kinywaji na kumwonyesha picha kwa saa mbili. Zote zinamwambia kwamba yeye ni mgeni. Kijana hubaki pale anapopewa kazi. Huko Budapest kuna reli ya watoto yenye urefu wa karibu kilomita 11, ilianza 1948 na inafanya kazi hadi leo, ambapo watoto wa miaka 10 hadi 14 wanakata tiketi, wanapokea treni stesheni na kushughulikia taa na njia, wakisimamiwa na watu wazima. Anayeendesha treni ndiye lazima awe mtu mzima. Hakuna anayewauliza kama wamekua vya kutosha kupenda reli.

Ukitaka kurudi kwenye chama kile, mpigie simu kiongozi wake kwanza, bila binti kusikia, umuulize swali moja: mna kazi gani ambayo msichana wa miaka 15 anayejua kompyuta anaweza kuifanya? Kufunga nyaya za modeli, kupanga picha za zamani kwenye kompyuta, kuandika ratiba ya siku ya maonyesho. Akikosa jibu, tafuta kwingine. Yapo pia makundi ya vijana mtandaoni yanayocheza mchezo ule kwa pamoja, mmoja akiongoza taa na wengine wakiendesha, na huko anaweza kukutana na wenzake wa umri wake. Tahadhari ni zile za kundi lolote la mtandaoni: ujue anaongea na nani, na asikutane na mtu bila wewe kujua.

Hilo la kuitwa stesheni masta linauma kuliko tunavyokumbuka sisi tuliokwisha kulipita. Katika umri wake, macho ya wenzake ndiyo kioo anachojitazamia, na kuficha anachokipenda ni njia ya kawaida ya kujikinga. Maadamu nyumbani bado anawasha mchezo wake, hajakipoteza, amekiweka mahali salama. Kwa hiyo msimtoe mafichoni kwa nguvu. Ninachowasihi wazazi sana ni waache ule mtindo wa "hebu mwambie mjomba unavyozijua treni". Kwenu ni sifa. Kwake ni jukwaa asilolitaka, na anajua mjomba akigeuka atacheka. Muulize jambo moja la kweli mkiwa wawili, kwa mfano kwa nini treni ile imesimama njiani wakati hakuna stesheni, kisha msikilize hadi mwisho hata kama maelezo yatapitiliza. Kama utani wa shuleni umegeuka uonevu, anasukumwa, anatumiwa ujumbe wa matusi au anakataa kwenda shule, hapo nenda kwa mwalimu. Hilo si la kumwachia avumilie.

Kuhusu kwamba ni mambo ya wavulana, sina mengi. Hannah Dadds aliendesha treni za chini ya ardhi London tangu 1978, na Surekha Yadav akawa mwanamke wa kwanza kuendesha treni India katika miaka ya 1980. Baba yake amechelewa kidogo.

Usonji sasa. Ni kweli kwamba watu wengi wenye usonji huwa na jambo moja wanalolipenda kwa kina, na treni hutajwa mara kwa mara. Lakini mantiki haigeuziki nyuma mbele. Mtaalamu hapimi usonji kwa kuangalia mtu anapenda nini. Anatafuta ugumu wa kudumu katika mawasiliano na mahusiano, pamoja na tabia za kujirudia au ugumu mkubwa wa kukubali mabadiliko, mambo yaliyoanza utotoni na yanayotatiza maisha ya kila siku. Wapo pia wanaosumbuliwa kupita kawaida na sauti, mwanga au mguso. Ulichoniandikia hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kina msichana anayependa kitu na anayeona haya kwa sababu anachekwa, na kuona haya kunahitaji kusoma hisia za wenzako vizuri tu. Hata hivyo wasichana wenye usonji mara nyingi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, kwa kuwa hujifunza kuiga wenzao na kujificha. Ndiyo maana nitakuambia chini ni lini uende. Na hata siku moja ikithibitika anao, treni hazitakuwa ugonjwa wa kutibiwa. Pengine zitakuwa ndiyo sehemu anayopumulia.

Kipimo ninachokitumia mimi kwa shauku yoyote ya kijana kinatokana na kazi ya Robert Vallerand, mwanasaikolojia wa Kanada, aliyetofautisha mwaka 2003 shauku inayokaa vizuri na maisha mengine na ile inayomtawala mwenyewe. Ya kwanza mtu anaweza kuiweka chini akiitwa kula, na akiiacha siku mbili hachanganyikiwi. Ya pili inamwendesha: anacheza ingawa hafurahii tena, anagombana na kila mtu kwa ajili yake, anajisikia hana thamani bila hiyo. Mtazame binti kwa wiki kadhaa kwa jicho hilo. Kitu kimoja ningekigusa tangu leo ni ule mchezo wa usiku. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, kwa hiyo wekeni saa ya kuzima kompyuta, na iwe ni sheria ya usingizi inayowahusu wote nyumbani, isije ikasikika kama adhabu kwa treni.

Msiharakishe kumpangia kazi ya reli pia. Anaweza kuiacha shauku hii akiwa na miaka 17 bila hasara yoyote. Lakini akianza mwenyewe kusema anataka kuwa dereva, mpeleke mapema akapimwe macho, hasa kuona rangi. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, na daktari Frithiof Holmgren akashuku kwamba mmoja wa wahusika alichanganya rangi za taa. Tangu hapo upimaji wa rangi ukaenea kwenye reli duniani. Wasichana wasioona rangi vizuri ni wachache, lakini ni afadhali kulijua hilo kabla ndoto haijakaa yote kwenye kiti cha dereva, kwani kwenye kupanga ratiba, karakana na ujenzi wa njia kuna kazi nyingi zenye masharti tofauti.

Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili ya vijana ana kwa ana ukiona haya: amejitenga na watu wote, hata wale aliokuwa akiwapenda, usingizi au chakula kimebadilika kwa wiki mbili au zaidi, alama shuleni zimeporomoka, mabadiliko madogo ya ratiba ya nyumbani yanamfanya avunjike kabisa, au ukikumbuka nyuma unaona kwamba kuwasiliana na watoto wenzake kumekuwa kugumu tangu mdogo. Akiacha ghafla treni zenyewe na asiweke kitu kingine mahali pake, hilo nalo lipelekee jicho, maana kupoteza hamu ya ulichokipenda ni mojawapo ya dalili za sonona. Na akizungumzia kifo, au ukigundua anakwenda relini akiwa na huzuni bila simu wala kamera, usisubiri miadi. Mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Ukienda, chukua daftari dogo lenye tarehe na ulichokiona, na umweleze binti mapema kwamba mnaenda kuzungumzia usingizi wake, marafiki na anavyojisikia. Asije akaketi mbele ya daktari akidhani ameletwa kwa kosa la kupenda treni.